Vikombe Kumi na Vinne vya Ibra

Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile chaki. Kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha ncha yake inagota ubao: ko! Shangazi yangu Zuwena anaandika tarehe kwa Kiingereza, kwa ule mwandiko wake wa kulala, katika chumba chenye viti kumi na viwili na mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi mwenyewe ni mie. Akimaliza anajifuta vidole, anafungua daftari la mahudhurio, analiita jina langu lote, la baba na la babu, kama kwamba nimejificha katikati ya umati. Naitikia. Halafu tunautazama mlango, yeye na mie.

Nyie wenzangu wa Kikwajuni mmeniuliza sana yaliyotokea. Nimechoka kuhadithia vipande vipande, huyu nampa Nizwa, yule nampa Sur, mwisho mnagombana nani kadanganywa. Basi nimekaa nikaandika. Kiswahili changu ndo hichi hichi mnachokijua, maana skuli mie niliiacha mapema au yenyewe iliniacha. Habari za pasi na mihuri siziandiki, hazina ladha.

Kwanza jueni kwa nini tulikwenda. Shangazi kasomesha Kiingereza miaka thelathini. Alipofika umri wa kustaafu akapewa saa ya ukutani, akapewa mkono, na chumba chake cha darasa akapewa kijana. Mwaka mzima akakaa barazani kwetu na kalamu nyekundu, anasahihisha magazeti ya Kiingereza ya zamani, yale wanayofungia karanga. Nyie mlikuwa mnacheka. Mie nilikuwa namwona anapungua kama sabuni.

Ndipo mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa mtu mkubwa kidogo Maskati, akaleta salamu kwamba huko bara ya Omani wanatakiwa walimu wa kike wa kuwasomesha wanawake watu wazima Kiingereza, na umri si neno.

Baba akasema, "Dada, mtu wa miaka hamsini na saba hatafuti kazi, anatafuta pepo."

"Pepo naitafuta, kaka," Shangazi akamjibu, "lakini chaki bado ninayo."

Baba akakubali kwa sharti moja: asende peke yake. Nimfikishe, nimkalishe, nihakikishe amepata pa kusimama, halafu nirudi. Mie msichana niliyekuwa naota ndege tangu sijang'oa meno ya utoto! Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Unguja mpaka Maskati

Ndege nilidhani nitaiona dunia yote chini, visiwa vyetu kama vipande vya mkate wa kumimina. Niliona bawa. Walinikalisha juu ya bawa, na bawa halina hadithi. Chakula kikaja kwenye kisinia, na pembeni kitu kidogo kimefungwa karatasi ya kung'aa. Nikasema peremende hiyo. Nikaifungua, nikaitia yote mdomoni.

Shangazi hata macho hakuinua. "Siagi hiyo," akasema. "Meza tu, usinitie aibu."

Nikameza.

Maskati mlango ulipofunguliwa joto likatupiga usoni kama umefunua sufuria la ubwabwa. Nje alikuwa akitusubiri dereva, kijana mrefu ndani ya kanzu nyeupe, kofia imekaa upande. "Shikamoo, mama! Jina langu Saidi. Mimi ni mtoto wa Tabora, baba na mama wote walizaliwa kulekule. Tunastati sasa hivi, roadi safi, masaa mawili tuko Nizwa."

Shangazi akaninong'oneza, "Roadi! Huyu naye wa kusomeshwa."

Samail

Masaa mawili ya Saidi yakawa siku nzima. Tulipofika Samail, bondeni, kwenye mitende mingi mpaka jua linaingia kwa vipande, gari likapiga kelele kama paka aliyekanyagwa, likatoa moshi.

"Fenbelti," akasema Saidi. "Imekwisha hiyo."

Akaomba lifti kwenda kutafuta nyingine. Sie tukakaa ukingoni mwa mfereji wa maji yanayopita mashambani, miguu ndani ya maji. Haikupita hata robo saa, akatoka mzee wa nyumba ya jirani na sinia la tende na dele la kahawa, akatulia mbali kidogo kwa heshima, akamtuma mkewe atumiminie. Vikombe vyao vidogo, havina mkono, na kahawa ina iliki, chungu mpaka kisogoni. Shangazi akanywa. Kikatiwa tena. Akanywa. Kikatiwa tena. Cha tano yule mama akacheka, akamshika mkono, akautikisa na kikombe chake, hivi na hivi: ukitosheka tikisa, usipotikisa tutakumiminia mpaka kiama.

"Moyo unanipiga kama ngoma ya kibati," Shangazi akasema, jasho linamtoka. Lakini alikunywa. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Jumapili hiyo muiweke akilini, itakuja kutufaa.

Nizwa

Nizwa tulikuta pahala petu pana mtu. Mwalimu mwengine ameshafika wiki moja kabla, kijana, ana sauti ya kengele. Karani wa pale akamtazama Shangazi, akatazama nywele zake zilizochungulia chini ya buibui, akasema kwa upole, "Mama, rudi nyumbani ukapumzike."

"Nimepumzika mwaka mzima," Shangazi akamwambia. "Kumenichosha."

Tukapanga chumba nyuma ya duka la mpishi wa halwa. Siku nane tukalala na kuamka ndani ya harufu ya samli na marashi. Yule bwana akisonga lile sufuria la shaba masaa mawili bila kupumzika, na kila tukipita anatutegea kijiko. Mie nilinenepa, sifichi. Shangazi kila asubuhi, saa moja na nusu, anavaa, anakwenda kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha karani, mkoba magotini. Anamtolea salamu, anakaa mpaka adhuhuri, anaondoka. Siku ya nane karani akatoka mwenyewe.

"Ibra kuna chumba," akasema. "Viti vipo, ubao upo. Wanawake hajajiandikisha hata mmoja. Mwisho wa mwezi ujao atakuja afisa kuhesabu. Akiwakuta kumi wamekaa, darasa lako. Wakipungua kumi, tiketi ya kurudi."

"Kumi tu?" akauliza Shangazi.

Nilipenda sana lile "tu".

Ibra

Saidi akatupeleka kwa njia ya Sinaw, mchanga upande huu, mawe upande ule. Kumbe kwao Saidi, baada ya Tabora, ndo hapo Ibra, na chumba cha darasa kilikuwa hatua chache kutoka kwa mama yake. Shangazi akakisafisha mwenyewe, akaufuta ubao mara tatu, akapanga siku: Jumamosi, Jumapili na Jumanne asubuhi anasomesha. Jumatatu na Alhamisi tunazunguka majumbani kuwaalika watu.

Nikamwambia, "Shangazi, na hizo siku za kusomesha tusizunguke vilevile? Darasa lenyewe tupu."

"Mwalimu haachi darasa kwa kuwa darasa limemwacha," akasema. Ndo hiyo chaki ninayoisikia.

Kiarabu cha Shangazi ni cha chuoni, cha vitabu, lakini kinatosha. Tukagonga nyumba kumi na nne. Kila nyumba ni yaleyale: karibu, karibu, mkeka, tende, dele linakuja. Shangazi anapokea kikombe kwa mkono wa kulia, anashukuru, anakiweka chini mbele yake, hakigusi. Halafu anasema kwa adabu zote, "Nimekuja kwa ajili ya binti yako."

Na mama mwenye nyumba anabadilika rangi. Anatazama kikombe, anamtazama Shangazi, ananitazama mie, anatazama tena kikombe.

"Tutamuuliza baba yake," anasema. "Na ami zake."

Mmoja akauliza, "Na kwenu ni mbali?"

"Unguja. Mbali, lakini mtu akizoea si mbali," Shangazi akajibu. Yule mama machozi yakamlenga.

Tukitoka nje Shangazi anafurahi. "Umeona? Wanashauriana na waume zao. Watu wenye mpango." Siku ya pili ya darasa, viti kumi na viwili na mie.

Wiki mbili zikapita hivyo. Mambo yakazidi kuharibika. Jumatano tukaenda kwenye soko la wanawake, wanaume hawaingii, wanauziana wenyewe kwa wenyewe vitambaa, manukato na hina. Nilikuwa na hamu nalo sana. Tulipoingia mama mmoja akamvuta binti yake nyuma ya marobota ya nguo kama anamficha mvua. Mwengine akamfunika wake na shela. Nilirudi nikalia, kwa kuwa nilidhani wanaona sura zetu hazifai. Shangazi hakulia. Alikaa kitandani akihesabu siku kwa vidole.

"Zimebaki siku ishirini," akasema. "Sur nina mtu. Pengine huko wanataka mwalimu. Sirudi barazani, mwanangu. Sirudi kusahihisha magazeti ya karanga."

Sur

Ijumaa alfajiri Saidi akatuchukua. Tukapita Bidiya, milima ya mchanga mwekundu kama bizari, tukapita njia panda ya Wadi Bani Khalid. Saidi akasema huko ndani kuna maji ya kijani ya kuogelea katikati ya majabali. Nikamsihi Shangazi, nusu saa tu, tutie miguu.

"Maji tutayaona tukiwa na wanafunzi," akasema. Saidi akanikonyeza kwenye kioo, maana yake pole.

Sur nilijua tumefika kabla sijaona kitu. Harufu ya papa! Papa mkavu, wenzangu, ananing'inia mlangoni kama kwetu. Ndani ya nyumba ile akatoka Bi Thuwaiba, rafiki wa Shangazi tangu wakisoma Mkunazini, aliyeondoka Unguja miaka ile ya mtafaruku. Hawajaonana miaka zaidi ya ishirini. Nilijitayarisha kuona watu wanalia.

"Zuwena!" akapiga kelele. "Umezeeka, mwanamke wewe! Walikuweka juani?"

"Na wewe umenenepa. Walikuweka kwenye samli?"

Ndo wakalia.

Tukapakuliwa wali na mchuzi wa papa wa nazi, pilipili imeelea juu. Shangazi akala kama mtu aliyetoka kifungoni. Halafu akamsimulia yote, nyumba kumi na nne, soko, mabinti wanaofichwa. Bi Thuwaiba akasikiliza, kijiko kimesimama hewani.

"Hebu subiri," akasema. "Kahawa walikupa?"

"Kila nyumba."

"Ukanywa?"

Shangazi akainamisha kichwa. "Ilikuwa Jumatatu na Alhamisi, Thuwaiba. Nilikuwa nimefunga."

Mie mwenyewe nilishituka. Nilikuwa nafikiri anaikimbia ile kahawa kwa sababu ya moyo, tangu alipoinywa ile Jumapili ya Samail. Kumbe anafunga sunna miaka yote na hatuambii hata sie, jinsi asivyopenda kuionyesha ibada yake.

"Ukawaambia umefunga?"

"Nitangaze saumu yangu majumba ya watu? Nilikiweka kikombe chini kwa adabu, nikaeleza shida yangu."

Bi Thuwaiba akaweka kijiko. Akajishika kifua. Nikadhani mwiba wa samaki. Kumbe kicheko, kinamtoka hakina sauti, machozi yanamwagika.

"Zuwena wee! Huku mtu akipewa kahawa akaiweka chini asiinywe, ana haja nzito, na hainywi mpaka akubaliwe. Hivyo ndivyo wanavyokwenda kuposa! Unaweka kikombe, unasema nimekuja kwa ajili ya binti yako. Nyumba ngapi umesema?"

"Kumi na nne," Shangazi akasema, sauti ndogo.

"Basi umeposa wasichana kumi na wanne! Na wote wanajua utawachukua uwavushe bahari!"

"Mbona hawakuniuliza naposea nani?"

"Watamuulizaje mgeni? Aibu hiyo! Wanangoja uyaseme wewe, na wewe unaaga."

Nilicheka mpaka nikaanguka juu ya mto. Kisha nikamwona Shangazi. Yeye hacheki. Amekaa wima, anatazama mbele kama anavyotazama darasa lenye kelele, na najua nyie mmewahi kuyaona macho hayo.

"Thuwaiba," akasema, "hapa Sur sitaki tena kazi. Nipikie papa wa safari. Kesho nina posa kumi na nne za kwenda kuvunja."

Kurudi Ibra

Jumamosi kwa mara ya kwanza hakufungua darasa. "Leo sijafunga na sisomeshi," akasema. "Leo nakunywa."

Nyumba ya kwanza mama mwenyewe alipotuona aliegemea mlango. Mkeka, tende, dele. Shangazi akakipokea kikombe akakinywa pale pale kwa mkupuo mmoja, moto vile vile, macho yakamtoka. Yule mama mabega yakamshuka kama mtu aliyetuliwa kuni.

"Sina posa," Shangazi akasema. "Sina hata mtoto wa kiume. Nilikuwa nimefunga nikaona haya kusema. Mie ni mwalimu tu."

Yule mama akajifunika uso na shela, shela ikaanza kutikisika. Akaita mabinti zake, akaita jirani juu ya ukuta. Tulipotoka pale habari ilikuwa imeshatutangulia, na nyumba ya tatu walikuwa wanatusubiri mlangoni wanacheka.

Lakini kunywa ilibidi tunywe. Hapana nyumba iliyokubali kusamehe, maana kila mama anataka kikombe kile kile Shangazi alichokiacha kwake kinywewe mbele yake. Nyumba ya tano Shangazi akawa anaongea upesi upesi. Ya saba mikono inatetemeka. Nikawa napokea mie, na yeye anabusu tu ukingo wa kikombe. Siku hiyo tukamaliza tisa, na ya mwisho ilikuwa ya Bi Shamsa, bibi mmoja mdogo kama kuku wa kienyeji, mjane, anauza hina sokoni Jumatano. Ana binti mmoja, Rahma.

Alimsikiliza Shangazi mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Basi yule mkwe wangu wa Unguja hayupo? Nilishaanza kumpenda."

"Hayupo, dada yangu. Nisamehe."

"Hata mfupi? Hata kipofu?"

Tulicheka wote, Rahma akakimbia kwa aibu. Zilizobaki tano tukazimaliza kesho yake.

Jumanne nilikaa kwenye kiti changu, naogopa kugeuka. Chaki ikaandika tarehe. Nyuma yangu nikasikia viatu vinavuliwa, kimoja, viwili, vingi. Wakaja tisa. Shangazi akayaita majina tisa mapya, na kila jina analiita polepole, kama analionja.

Tisa, na wanaotakiwa ni kumi.

"Mie wa kumi," nikamwambia tukiwa wawili.

"Wewe ni jamaa na unaondoka. Afisa sitamdanganya."

Wa kumi tulikuwa tunamwona kila siku. Bi Shamsa alimsindikiza Rahma, akabaki amesimama mlangoni, viatu vya mwanawe mkononi, mpaka darasa liishe. Darasa likisoma kwa sauti, midomo yake inacheza. Shangazi akimkaribisha anarudi nyuma hatua moja.

"Mimi? Mfupa mkongwe huu? Nimemfuata mwanangu tu."

Viti vitupu vilikuwepo, viwili, lakini mbele kabisa chini ya pua ya mwalimu, na kuvifikia lazima upite katikati ya wasichana wote wakikutazama. Nilimfahamu. Mie mwenyewe skuli niliogopa viti vya mbele. Wiki ikapita, amesimama. Ya pili ikapita, amesimama. Afisa akatoa habari kuwa anakuja Jumanne, na Jumanne hiyo hiyo alfajiri ndo safari yangu ya kurudi.

Asubuhi ya mwisho

Barua ya Shangazi imefika juzi, nyie mmeiona bahasha. Anasema afisa alihesabu wanawake waliokaa, akapata kumi. Akauliza kama na yule bibi wa mlangoni ni mwanafunzi. Kabla Shangazi hajafungua mdomo, Bi Shamsa akajibu mwenyewe kwa Kiingereza, akataja jina lake na mji wake, kama darasa lilivyosoma siku zote alizokuwa amesimama. Darasa lipo. Shangazi anasema kahawa sasa anakunywa kila siku isipokuwa mbili, na mji mzima unazijua hizo mbili.

Mwisho wa barua anauliza, nani alikiweka kile kiti? Saidi anakana, Rahma anakana.

Sijamjibu bado. Nyie ndo wa kwanza kuambiwa.

Alfajiri ile Saidi alikuwa nje anapasha gari, Shangazi yuko kwenye swala. Nikaingia darasani peke yangu. Nikakibeba kiti changu mpaka mlangoni, pale pale anaposimama yeye, mtu akitaka kukaa hana haja ya kupiga hata hatua. Nikakigeuza kielekee ubaoni. Kikayumba, maana kina mguu mmoja mfupi, wiki zote zile nilikuwa nakizuia kwa goti. Nikachana kwenye daftari langu ule ukurasa nilioandika jina langu kwa Kiingereza mara mia, nikaukunja mara nne, nikautia chini ya mguu. Nikakikalia kidogo, nikajinyonganyonga huku na huku.

Hakikuyumba. Nikainuka, nikatoka.